Ati kinamasi ni "majani tu", naye kiatu kimejaa maji!

Mnamjua muuza ploti huyu. Sina haja ya kumtaja jina, kwa kuwa kila aliyewahi kutafuta ploti upande wa Dunga, hapa Kisumu kando ya Ziwa Victoria, ameonyeshwa ramani yake ya rangi. Leo asubuhi, mbele ya wanunuzi wenzangu, nilimuuliza kwa adabu kwa nini safu nzima ya ploti imechorwa ndani ya mafunjo. Akanijibu, "Mama, hayo ni majani tu, tutayafukia." Aliyasema hayo kiatu chake kikididimia, maji meusi yakipanda hadi kwenye kamba, na kigingi alichokishika kikilala polepole. Hata vyura walinyamaza.

Majani tu! Mafunjo hayo ndiyo yanayochuja matope na maji machafu ya mitaani kabla hayajafika ziwani, na humo ndimo samaki wachanga wanamojificha. Ziwa lilipofura mwaka 2020, wakazi wa ufuoni walihama. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 kinakataza kujenga kinamasini au kukikausha bila idhini ya maandishi, tena baada ya tathmini ya athari.

Sipingi nyumba. Angepima kwanza maji yanafika wapi wakati wa masika, akazisogeza ploti, hata zikiwa ndogo, kwenye mwinuko karibu na barabara, na mafunjo akayaacha yawe ya wote bila kukatwa vipande, ningelipa leo hii. Lakini "majani tu", na soksi zinachuruzika!

Jibu la 1: Mimi aliniuzia wakati wa kiangazi. Mvua ilipoanza, shimo la choo lilijaa maji kutoka chini kabla hatujaliezeka.

Jibu la 2: Dada, mafunjo yanaonekana toka barabarani. Ulishuka kwenye gari kutafuta nini?

Jibu la 3: Afadhali nyinyi mmeyaona maji mapema. Huku Nakuru, upande wa Mwariki, ziwa liliwafuata watu nyumbani kwao.

Jibu la 4: Kwetu Mamboleo hakuna maji, ila jirani amekwisha kuihamisha bikoni yangu ya mpaka mara mbili. Nani anamjua mpima ardhi mwaminifu?

Jibu la 5: Mimi pia namtafuta. Wa kwangu alichukua malipo ya awali, na simu haishiki tena.