Tuzo za pesa kwa wazee kwenye mbio za barabarani: haki au huruma?

Mzee wa Karura: Hamjambo nyote. Mwezi uliopita nilikimbia marathoni moja hapa Nairobi, sitaitaja. Nina miaka 61, nikamaliza kwa saa 3:52. Pesa zote wakachukua vijana wa Bonde la Ufa, sisi tukapewa medali na ndizi. Naona waandaaji watenge tuzo kwa waliopita 50, na nyingine kwa waliopita 60. Mashindano ya dunia ya wakongwe huanzia miaka 35 na hugawanya watu kila miaka mitano. Hapa kwetu tunangoja nini?

Chuma_Langata: Mzee wangu, mbio ni saa, na saa haimuulizi mtu alizaliwa lini. Halafu tusemezane ukweli: wengi wenu mkifika kilomita ya 30 hamkimbii tena, mnaburuta miguu kama mtu aliyevaa patipati anayekwenda bafuni. Hiyo nayo ilipiwe?

Mama Tatu: Patipati?? Kijana, wewe ulilelewa na nani? Niko na 54 na nimezaa watatu. Pale Southern Bypass huwa nawapita wa rika lako wamekaa kando ya barabara wakijishika mbavu. Kwani wewe hukimbia kwa saa ngapi?

Chuma_Langata: Mama, sijamtukana mtu. Nimetaja miguu tu.

Mama Tatu: Miguu ya nani? Mimi nimeuliza saa.

Mwalimu wa Michezo: Ngojeni kidogo, hilo la kuburuta lina sababu zake. Mpige video kijana wa 25 na mzee wa 65 wakienda kasi ileile. Hatua za mzee ni fupi, lakini anazipiga nyingi zaidi kwa dakika. Kinachomwishia mapema ni ule msukumo wa kifundo na shavu la mguu, kwa hiyo nyonga inabebeshwa kazi isiyokuwa yake. Kisigino hakirudi juu nyuma, goti nalo halipandi. Ukiwa kando ya barabara utadhani anaburuta, kumbe mwili umejitafutia njia nyingine ya kufika. Na misuli ya kasi ndiyo inayonyauka kwanza, ile ya uvumilivu inabaki. Ndiyo sababu mzee atakwenda nawe kilomita 20 nzima, kisha umwache mita 200 za mwisho.

Konda Mstaafu: Kifundo changu kiliisha zamani, mwalimu. Miaka 22 ya kuruka kutoka mlango wa matatu ikienda.

Mzee wa Karura: Asante mwalimu, kumbe! Kocha wa kikundi chetu, kijana wa miaka 29, aliniambia niinue magoti "kama Kipchoge". Nikainua wiki mbili. Ya tatu kano ya kisigino ikavimba, nikakaa nyumbani siku arobaini kama mama mzazi.

Mwalimu wa Michezo: Alikukosea. Hatua hairefushwi kwa amri. Simama kwenye ngazi kwa vidole, panda, shuka polepole, mguu mmoja mmoja, miezi kadhaa. Shavu likipata nguvu hatua itajirefusha yenyewe, ikitaka.

Binti Umoja: Na huyo Kipchoge mwenyewe astaafu sasa, anatuaibisha.

Konda Mstaafu: Haya, ameguswa mwenye nchi.

Mama Tatu: Anakuaibisha wewe na nani? Berlin 2022 alikimbia 2:01:09 akiwa na miaka 37! London 2025, amefika 40, bado 2:05:25. Wewe ukifika 40 utapanda ngazi za Kencom?

Binti Umoja: Nimesema kwa kumpenda. Alipokuwa Vienna 2019 alitembea juu ya hewa, sasa hata bega linaonyesha uchovu. Ninaumia nikimtazama, basi.

Chuma_Langata: Lakini mnaona mnavyonisaidia? Kipchoge hajaomba kundi la wazee. Carlos Lopes wa Ureno alishinda dhahabu ya Olimpiki Los Angeles 1984 akiwa na 37, mbele ya vijana. Edna Kiplagat alikuwa wa tatu Boston 2024 akiwa na 44. Hakuna aliyewapunguzia bei.

Mwalimu wa Michezo: Hao ni wachache, usiwatumie kuwachapa wengine. Kwa asiyefanya mazoezi, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka kama asilimia 10 kila miaka kumi. Anayeendelea na mazoezi hupoteza karibu nusu ya hiyo. Mapigo ya juu ya moyo yanashuka kwa wote, bingwa na mimi. Kumpima mtu wa 61 na wa 25 kwa saa ileile ni kupima gari la mizigo na nduthi, yaani pikipiki, kwenye kilima cha Limuru.

Chuma_Langata: Gari la mizigo halikatazwi kupanda. Linakatazwa kudai pesa za nduthi.

Binti Umoja: Kuna mzungu wa Kanada alikimbia chini ya saa tatu akiwa na miaka 80. Sikumbuki jina.

Mwalimu wa Michezo: Ed Whitlock. Si 80, alikuwa na 73, Toronto 2004, 2:54:48. Kisha 2016, miaka 85, akakimbia 3:56. Mazoezi yake alifanyia makaburini, akizunguka polepole saa mbili, tatu.

Konda Mstaafu: Makaburini? Pale Lang'ata aende peke yake.

Mama Tatu: Na yule babu wa kilemba?

Mwalimu wa Michezo: Fauja Singh. Alimaliza marathoni ya Toronto 2011 akihesabiwa miaka 100. Guinness hawakumkubali, hakuwa na cheti cha kuzaliwa.

Chuma_Langata: Hapo sasa! Hapo ndipo nilipokuwa nangoja. Tuzo za umri, Kenya hii? Kwenye mbio za chipukizi tulizoea kuona watu wana ndevu na wanaitwa watoto. Mkiweka pesa za wazee, mtu wa 48 ataamka asubuhi na 60.

Konda Mstaafu: Kitambulisho changu kinasema Januari 1. Cha ndugu yangu pia. Na cha jirani.

Binti Umoja: Cha baba pia! Kwani mwezi huo kulikuwa na nini?

Konda Mstaafu: Kulikuwa na karani aliyechoka.

Mzee wa Karura: Chuma, unaniita mwongo?

Chuma_Langata: Sijataja jina, mzee.

Mzee wa Karura: Basi nitalitaja mimi. Kitambulisho kinasema 1964. Marehemu mama alisema nilizaliwa wakati wa mafuriko ya 1961, daraja la kijijini lilipobebwa. Chifu aliandika alichosikia. Nani ataniambia nani alikuwa sahihi?

Mama Tatu: Ai! Kwa hivyo ulikuwa unatuibia miaka mitatu?

Mzee wa Karura: Nimeibiwa mimi. Kazini pia nilistaafu kwa umri wa karani.

Mwalimu wa Michezo: Kama ni mafuriko yale, 3:52 yako ina uzito zaidi ya nilivyofikiria.

Chuma_Langata: Hapo nakubali. Heshima, mzee.

Mama Tatu: Heshima baadaye. Bado hajajibu: saa ngapi, Chuma?

Chuma_Langata: Mwaka jana niliumwa.

Mama Tatu: Saa ngapi?

Chuma_Langata: 4:31. Lakini nilikuwa na homa.

Konda Mstaafu: Homa ya mbu au ya kilomita ya 32?

Mzee wa Karura: Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu, msitu wa Karura, lango la Limuru Road. Tutakwenda polepole. Kuja na patipati.