Tupeane uzoefu: kijiji chenu na halmashauri ya wilaya mnafanyaje kazi pamoja?

Wakuu, habari za muda huu. Tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa Tanzania wa Novemba 2024, wenyeviti wengi ni wapya, na swali ninalokutana nalo kila mara ni hili: jambo la kijiji linafikaje wilayani, na majibu yanarudi kwa njia gani? Waliokaa kwenye nafasi hizi waseme walichokiona.

Naanza mimi. Ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, Nyanda za Juu Kusini. Wananchi walijenga boma la madarasa mawili kwa nguvu zao: kaya zilichangia tofali za kuchoma, akina mama wakasomba maji, vijana wakapakia mawe na mchanga kwenye matela. Boma likafika kwenye lenta (ukanda wa zege juu ya madirisha na milango), ujenzi ukasimama. Mvua ikaanza kula kuta, nyasi zikaota ndani, na kila mkutano ukawa wa kulaumu wilaya kwamba imetutupa.

Alipokuja mtendaji mpya wa kijiji akafungua mafaili. Akakuta muhtasari wa mkutano mkuu ulioridhia ujenzi upo pale pale ofisini, hauna muhuri, na haukuwahi kupelekwa kamati ya maendeleo ya kata. Kwenye mipango ya wilaya boma letu halikuwepo kabisa! Tukaitisha mkutano mkuu upya. Mahudhurio yakaandikwa jina kwa jina na sahihi, muhtasari ukapita kata, diwani akaubeba hadi baraza la madiwani. Bajeti iliyofuata ikaleta fedha za kupaua na sakafu. Tangu hapo naamini ugomvi mwingi kati ya kijiji na wilaya ni karatasi iliyokwama njiani.

Leteni na za kwenu.

Mtendaji wa kijiji, Kanda ya Kati
Umesema kweli, mkuu. Naongezea suala la muda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele vya vijiji vinakusanywa miezi mingi kabla. Kijiji kinachokaa Mei kujadili zahanati kimeshachelewa mwaka mzima. Mkutano mkuu unatakiwa kila baada ya miezi mitatu. Ule wa kuelekea mwisho wa mwaka wa kalenda ndio wa kupitisha vipaumbele.
Mtuelewe pia watendaji. Mwajiri wangu ni halmashauri ya wilaya, na hapo hapo mimi ni katibu wa halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti akitaka hiki na mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya akaagiza kile, anayeumia ni mimi.

Mwenyekiti wa kitongoji, Kanda ya Magharibi
Sisi kilio chetu ni ushuru wa mazao. Geti liko mlangoni kwetu, magari yanakatiwa risiti mbele ya macho yetu msimu mzima. Tunaambiwa kila mwaka kwamba asilimia 20 ya makusanyo inarudi kijijini. Kijiji kikaandika barua kuuliza, majibu yakawa "fedha zinaelekezwa kwenye miradi". Miradi gani? Ukiitisha mchango wa choo cha shule, watu wanakuuliza ushuru umekwenda wapi, na huna la kuwajibu. Aliyewahi kuzipata hizo fedha anieleze alipita mlango gani.

Diwani mstaafu, Kaskazini
Ndugu mwenyekiti, wa kumbana ni diwani wako. Mapato na matumizi yanasomwa kwenye baraza kila robo mwaka, na vikao vya baraza ni vya wazi. Nendeni mkae mkasikilize. Kwenye kamati ya maendeleo ya kata, mwenyekiti wa kijiji ni mjumbe kamili, lakini wengi wakifika wanasubiri posho na kunyamaza. Inaniuma sana, maana pale ndipo sauti ya kijiji inapoanzia.
Jingine, msipoteze nauli. Barabara za wilaya na vijijini zilihamia TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) mwaka 2017, na maji ya vijijini yako RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) tangu 2019. Mkurugenzi hana bajeti ya kalavati lenu. Barua iende TARURA wilaya, nakala kwa mkurugenzi na diwani.

Mdau kutoka Uganda
Kwetu tangu 2022 serikali inapeleka shilingi za Uganda milioni 100 kwa kila parokia (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, si la kanisa) kwa mwaka, kupitia chama cha akiba na mikopo, na kaya inakopa hadi milioni moja. Fedha zinafika chini, hilo ni jema. Kazi ngumu ni kupata orodha ya haki ya wakopaji, maana anayesimamia anawajua wote na wote wanamjua.

Mjumbe mpya, Pwani
Shikamooni wakubwa. Huo muhtasari tuutunzeje usipotee?

Mleta mada
Marahaba. Tengenezeni nakala tatu zenye muhuri na sahihi za mwenyekiti na mtendaji, pamoja na orodha ya mahudhurio. Moja ibaki kijijini, moja iende kata. Ya tatu nendeni nayo wenyewe mpaka masjala ya wilaya (ofisi inayopokea na kutunza barua), na msiondoke kabla barua yenu ya kuiwasilisha haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.