Yadi inasema ripoti ya mauzo ilikwenda, IRS wamerudisha 8936 yangu

Kutoka: Kijana wa Chikongola, Columbus
Jumatatu, 2 Machi 2026

Asalaam alaikum wanakusini. Ramadhani njema kwa mnaofunga, na msiofunga habari za huko mliko.

Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kudai ile nafuu ya kodi ya Marekani kwa gari la umeme la mtumba, kifungu 25E, inayodaiwa kwa fomu 8936 ya IRS, watoza kodi wa huku. Kigari changu nilinunua Jumamosi tarehe 27 Septemba, siku tatu kabla serikali haijaifunga nafuu hiyo. Mnazikumbuka siku zile, yadi ilijaa watu kama mnadani. Bei dola 12,800, modeli ya 2021, kwa hiyo nafuu ya asilimia 30 inakuja 3,840. Mimi ni HOH, yaani mkuu wa kaya, MAGI yangu, kipato cha mwaka kwa hesabu ya kodi, ni 46,000, na ukomo wa HOH ni 112,500, siukaribii hata kwa ndoto. Vigezo vyote nimepita.

Muuzaji akaniambia, "Hiyo utadai mwenyewe ukifaili." Akanipa karatasi, nikasaini kwenye X, akaipiga stepla nyuma ya mkataba. Juzi nimefaili kodi, chai haijapoa fomu zimerudishwa: namba ya chesisi haimo kwenye rekodi zao. Nikaenda yadi. Kijana aliyeniuzia ameshaacha kazi. Meneja anasema ripoti ya mauzo ilipelekwa IRS, nikimwomba nakala anatazama saa. Nimefika nyumbani nikaisoma vizuri ile karatasi niliyosaini. Ni waranti ya matairi.

Swali langu ni moja. Naweza kufaili kwa karatasi, kwa posta, nikaambatanisha mkataba na risiti bila hiyo ripoti? Kuna aliyejaribu ikapita? Hela ina kazi hiyo. Nyumba ya mama imesimama kwenye lenta tangu Novemba, na mvua ndizo hizo.

---

Kutoka: Binti Mikindani, Houston

Pole sana kaka. Mimi yangu sikusumbuka hata kidogo. Nilinunua jipya mwaka 2024, yule dada wa yadi akaingiza namba kwenye kompyuta yake, akageuza skrini nikaona 7,500 imekatwa kwenye bei palepale. Nikatoka na ripoti yangu mkononi. Kwenye kodi nikajaza fomu 8396 tu, kwisha. Huku Texas wakanirudi kwenye usajili: dola 400 mwanzoni kwa sababu gari ni la umeme na jipya, sasa kila mwaka 200 juu ya ada ya kawaida. Eti kwa kuwa hatununui petroli hatuchangii barabara. Barabara zenyewe wangeziona za Newala wangeshukuru Mungu.

Jaribu kuwabembeleza hao wa yadi. Peleka korosho.

---

Kutoka: Mzee wa Nachingwea, Maryland

Binti, ni 8936. 8396 ni ya riba ya mkopo wa nyumba. Watu wanasoma humu wanakwenda kujaza, tuwe waangalifu. Na wewe ulipata 30D, gari jipya. Mwenzio anauliza 25E. Ukomo wa kipato ni tofauti, wa bei ni tofauti, na mtumba haizidi 4,000 hata gari liwe la dhahabu.

Kijana, marahaba, ingawa hukunisalimu. Ripoti ya mauzo ni lazima, ukatiwe palepale au udai mwenyewe baadaye. Yadi ilitakiwa iingize kwenye mfumo wa IRS ndani ya siku tatu na wewe upewe nakala. Bila hiyo, kompyuta yao haijui kama gari lako liliuzwa.

Lakini hujatuambia jambo moja. Kodi yako yote ya mwaka, kabla ya kutoa ulichokatwa kwenye mshahara (W-2), ni kiasi gani?

---

Kutoka: Kijana wa Chikongola

Shikamoo mzee, nisamehe, haraka tu. Ni 2,345.

---

Kutoka: Mzee wa Nachingwea

Basi hata wakikubali leo, hupati 3,840. Ukidai mwenyewe, nafuu haivuki kodi unayodaiwa, na inayobaki haihamishiwi mwaka ujao. Kama yadi ingekukatia palepale ungepata yote, na hata kodi yako ingekuwa ndogo kuliko hiyo usingedaiwa kurudisha, mradi kipato hakijavuka ukomo. Ndiyo maana watu walikuwa wanatafuta yadi iliyosajiliwa kwenye ule mfumo, si yadi yenye kahawa ya bure.

Nasema hivi si kukuumiza.

---

Kutoka: Kijana wa Chikongola

Imeuma mzee. 1,495 imeondoka nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Haya, 2,345 nayo ni mabati. Je, kwa posta inawezekana?

---

Kutoka: Mtoto wa Mtanda, Leicester

Hamjambo jamani. Sisi huku Uingereza tulikuwa na ruzuku, wakaifuta mwaka 2022, tukakaa miaka mitatu patupu, Julai mwaka jana wakairudisha. Mpaka pauni 3,750, gari lisizidi 37,000. Mnunuzi hajazi chochote, yadi inakata yenyewe, wewe unaona bei imeshuka. Sasa kaka kwa nini usiwaambie hao wa yadi wakate wenyewe halafu waidai serikali?

---

Kutoka: Mzee wa Nachingwea

Kwa sababu ameshanunua. Na kwa sababu programu imekwisha 30 Septemba, sheria ilisainiwa 4 Julai. Na hiyo yenu ni ya magari mapya. Soma kwanza ndugu yangu.

---

Kutoka: Mtoto wa Mtanda

Sawa mzee. Futari ikikaribia tunawaelewa.

---

Kutoka: Mwananewala, Hamburg

Ninyi mmepewa miezi mitatu ya kujiandaa mnalalamika. Huku Ujerumani, Desemba 2023, serikali ilitangaza Jumamosi kwamba Jumapili ndiyo mwisho wa maombi. Mimi nilikuwa nimeshaagiza gari, na huku huombi mpaka gari lisajiliwe kwa jina lako. Likaja Januari. Nililipa bei kamili nikiwa natabasamu kama mwali.

---

Kutoka: Mama Ndanda, Minneapolis

Mwanangu Kijana, usikate tamaa. Hao IRS wana ofisi yao ya kutetea walipakodi, iko kando ya wale wanaokusumbua. Mtu akikwama hivi, na shida ya fedha inamgusa, anajaza 911. Mimi ilinisaidia mwaka marejesho yangu yalipozuiwa miezi minane, ingawa yangu yalikuwa mambo ya ITIN, namba ya mlipakodi, ya marehemu mume wangu, siyo gari.

Na hilo gari unalichajia wapi? Mimi nakaa ghorofa ya kwanza, plagi ya nje hakuna. Waya naupitishia dirishani. Baridi ya huku inaingia kama mwizi, basi nimekunja khanga mbili nimeziba ule upenyo, moja chini ya waya na moja juu. Asubuhi khanga ya nje imekauka kwa barafu, ukiigonga inalia kama bati. Jina lake ni "Mgeni njoo mwenyeji apone". Mwenyeji hajapona.

---

Kutoka: Binti Mikindani

Mama, apige 911 kwa ajili ya kodi? Si watamtumia polisi!

---

Kutoka: Mama Ndanda

FOMU 911, binti. Fomu. Mungu wangu.

---

Kutoka: Mruangwa, Atlanta

Nimesoma yote nikacheka, kisha nikakasirika. Mnajua kwenye betri ya hayo magari kuna nini? Kinywe, yaani grafiti. Ile ncha hasi ya betri, sehemu kubwa ni kinywe. Na kinywe kiko wapi? Kwetu Ruangwa. Bibi yangu shamba lake la ufuta ukilima ukirudi nyumbani miguu inang'aa kijivu kama umekanyaga penseli, na hakuna aliyetuambia kitu mpaka walipokuja Waaustralia.

Sasa tazama hesabu ya Wamarekani. Ile 7,500 ya Binti Mikindani ilikuwa vipande viwili: 3,750 ya madini ya betri, 3,750 ya vipuri vya betri. Ili ule upande wa madini upite, kwa mwaka jana asilimia 60 ya thamani ilitakiwa ichimbwe au isafishwe kwao, au kwenye nchi yenye mkataba wa biashara huria nao. Sisi hatuna mkataba huo. Yaani gari likibeba kinywe cha shamba la bibi kisichosafishwa kwenye nchi hizo, kinywe chetu kilikuwa hakimsaidii mnunuzi hata senti. Likibeba cha wenye mkataba, alikuwa anapunguziwa. Halafu tunaambiwa Kusini ni maskini.

---

Kutoka: Mwananewala

Mwaka 2013 tulisema gesi haitoki. Ikatoka, tena kwa bomba, mpaka Dar. Mabomu ya machozi ndiyo yaliyobaki Mtwara. Kinywe hakihitaji hata bomba, kinapakiwa kwenye magunia.

---

Kutoka: Mzee wa Nachingwea

Gesi ilipotoka viwanda vilikuwa Dar. Ulitaka iwake baharini? Mimi nilikuwepo Mtwara mwaka ule, wewe ulishakuwa Hamburg. Na nyumba za watu zilichomwa, tusisahau na hilo.

---

Kutoka: Mwananewala

Mzee, nakuheshimu, lakini shangazi yangu alipigwa na askari akiwa anauza samaki, hakuchoma nyumba ya mtu. Mwaka 2018 hao hao wakaja na magari ya jeshi kununua korosho kwa shilingi 3,300 kilo, mzee wangu akasubiri malipo mpaka msimu mwingine. Usiniambie habari ya kuwepo.

---

Kutoka: Msimamizi

Wapendwa, tumefunga. Siasa tuziweke kando mpaka Idi. Kijana bado anasubiri jibu.

---

Kutoka: Nimerudi Shangani, Mtwara

Salaam kutoka nyumbani. Leo joto la kufa, umeme ulikatika mara mbili kabla ya adhuhuri, sasa hivi upo. Tumefuturu muhogo wa nazi na pweza. Ming'oko imeanza kuonekana pale stendi ya Mkanaledi, ila bado midogo.

Kijana, nyumba ya mama yako nimepita jana kama ulivyoniomba. Lenta iko salama, fundi ameifunika makuti. Ila mchanga uliomwagwa uwani mbuzi wanaulalia, na tofali kama arobaini za juu zimeanza kulika. Nimemwambia mama azisogeze chini ya mwembe. Amesema ananisikia lakini anakusubiri wewe.

Hilo gari ukiona wanakusumbua lilete huku. Usukani uko kushoto, ushuru TRA wanakusubiri, na chaja hatuna. Lakini litapendeza kwenye harusi.

---

Kutoka: Kijana wa Chikongola

Asante kaka. Mbuzi hao ni wa jirani, namjua.

Leo nimepumzika kazi nikampigia IRS. Saa moja na dakika arobaini muziki, kisha mama mmoja mpole akaniambia kwa upande wao hakuna ripoti yoyote yenye namba ile, niongee na muuzaji. Muuzaji anasema niongee na IRS. Mimi ni mpira wa makaratasi.

---

Kutoka: Mzee wa Nachingwea

Namba uliyoandika kwenye 8936 uliitoa wapi? Kwenye mkataba au kwenye gari?

---

Kutoka: Kijana wa Chikongola

Kwenye mkataba mzee.

---

Kutoka: Mzee wa Nachingwea

Nenda kwenye gari. Iko chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva, na nyingine kwenye fremu ya mlango. Ni tarakimu na herufi 17. Hazina I, O wala Q, wamezitoa kwa makusudi ili zisichanganywe na 1 na 0. Lakini wameacha zinazofanana nyingine. Linganisha moja moja, kidole juu ya kila moja. Na usiibandike humu yote, kuna watu hatuwajui.

---

Kutoka: Binti Mikindani

Mzee na hii nayo haijibu swali lake, kauliza posta.

---

Kutoka: Mzee wa Nachingwea

Binti, ngoja.

---

Kutoka: Kijana wa Chikongola

Nimetoka sasa hivi na kandambili, theluji imefunika kioo. Kikwangulio sikukiona, nimekwangua kwa kifuniko cha ndoo ya korosho alizonipa mama. Nimelinganisha mara tatu.

Mkataba umeandika 8 kwenye nafasi ya sita. Gari limeandika B.

---

Kutoka: Mama Ndanda

Subhanallah.

---

Kutoka: Mruangwa

Wizi mtupu.

---

Kutoka: Mzee wa Nachingwea

Si wizi, ni macho. Sasa swali ni yadi ilipeleka ripoti kwa namba ipi, kama kweli ilipeleka. Kama ni yenye B, huenda iko kwenye mfumo siku zote hizi inakusubiri. Kama ni yenye 8, au hakikwenda kitu, tuna kazi. Kesho asubuhi wakifungua uwe mlangoni.

---

Kutoka: Kijana wa Chikongola

Wanafungua saa tatu. Nitakuwa pale saa mbili na nusu, nimefunga, na ile karatasi ya waranti ya matairi nakwenda nayo.

---

Kutoka: Mtoto wa Mtanda

Samahani kwa kuingilia. Hiyo waranti ya matairi ina muda gani?