Eksteno (diski ya nje) yagonga tik tik na ndani mna kanda za harusi za watu, nisaidieni kabla haijafa

bintiMajengo:
Salaam alaikum jamani. Mie kazi yangu ni kuhamisha kanda za zamani, watu waniletea VHS na kaseti za harusi za mamazao, maulidi ya miaka ya 80 na 90, nawatilia kwenye fleshi. Kazi zote ziko kwenye eksteno moja ya TB 1, ile ndogo yachomekwa USB tu haina waya wake wa stima. Sasa tangu juzi nikifungua folda kiduara chazunguka weee, na nikifika kwenye harusi moja ya Lamu kompyuta nzima yaganda, ukitega sikio wasikia tik… kimya… halafu tik tena. Windows yaniambia diski ina tatizo niiskani na kuirekebisha, sijabonyeza kitu. Fundi mmoja hapa Mwembe Tayari asema nimwachie aipitishie chkdsk, ile programu ya Windows ya kurekebisha diski, jioni niifuate, na mwengine wa Digo Road ataka kuifungua aangalie ndani. Moyo wanikataa wote wawili. Nifanyeje?

Jahazi_77:
Itie kwa mfuko wa plastiki uifunge vizuri uiweke friza usiku kucha, asubuhi ichomeke haraka haraka ukopi. Binamu yangu alifanya ikakubali wallahi.

FundiMkongwe:
@Jahazi_77 hebu muache mtoto wa watu. Kwa joto na unyevu wa Mombasa chupa ya maji ukiitoa kwa friji haifiki mezani ishalowa yatiririka, na hiyo diski itakuwa vivyo hivyo ndani na nje, halafu umwambie aiwashe? Mambo ya friza yalikuwa ya diski za zamani sana na hata hizo ilikuwa bahati nasibu.

@bintiMajengo mwanangu, itoe kwanza, isikae imechomekwa bure, maana kila dakika ikizunguka yajimaliza. Kisha nijibu: kugonga ni kwa mfululizo tangu ukiichomeka au ni mara moja moja ikifika sehemu fulani? Kwenye Disk Management ya Windows yaonyesha ukubwa wake sawa? Na kama una CrystalDiskInfo, ile programu ya kupima afya ya diski, imekupa rangi gani?

bintiMajengo:
Ni mara moja moja tu tena zaidi kwenye hiyo folda ya Lamu. Ukubwa yaonyesha sawa. CrystalDiskInfo ni manjano, na mstari wa Current Pending Sector una namba, si sifuri.

FundiMkongwe:
Alhamdulillahi, basi bado una nafasi. Ingekuwa yagonga mfululizo au haionekani kabisa ningekwambia usiiguse, hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Na ndio maana huyo wa Digo Road usimpe. Vile vichwa vya kusomea vyaelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, punje ya vumbi kwake ni jabali, akifungua kifuniko kwenye meza ya duka ishakwisha hata kama ataifunga vizuri vipi.

Huyo wa chkdsk naye simlaumu, ni dawa ya diski isiyo mbovu iliyochafuka mpangilio wake tu. Kwa diski inayokufa, chkdsk yaandika juu yake, yang'ang'ania sekta mbovu (sekta ni vile vijisehemu vya diski vinavyoshika data), na mafaili yaweza kukatwa vipande vikaitwa FILE0000.CHK ukashindwa kujua harusi ni ya nani. Pending maana yake ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na yangoja kuamua izibadilishe au la. Sasa kwanza unakili diski nzima kama ilivyo, sekta kwa sekta, kisha uokoaji wote ufanyie kwenye nakala, ile asili uiweke kabatini.

Tafuta diski nyengine isiyo mbovu ya TB 2, si ya TB 1, maana nakala yako peke yake yataka TB 1. Isiwe imefomatiwa FAT32, hiyo haipokei faili la zaidi ya GB 4, fanya NTFS. Washa laptopu kwa fleshi ya Ubuntu (mfumo wa Linux) bila kuiinstoli, uweke ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu (kifurushi chaitwa gddrescue, na g mbele, wengi hukwama hapo). Andika lsblk uone ipi ni ipi, na hapo usiwe na haraka kabisa, ukibadilisha majina utaandika juu ya kanda za watu. Ikiwa Ubuntu imeifungua ile mbovu yenyewe, itoe kwa sudo umount. Halafu tuseme mbovu ni sdb na nzima umeifungua kwenye /mnt/nzima:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/nzima/kanda.img /mnt/nzima/kanda.map

Hiyo -n yaiambia ichukue kwanza vilivyo rahisi, isikwaruze pale pabaya. Lile faili la map ndilo roho ya kazi, laweka kumbukumbu ya vilivyosomwa na vilivyobaki, stima ikipotea au ukichoka ukizima, ukirudia amri ile ile yaendelea ilipoachia. Na usiitoe diski ndani ya kasha lake eti uichomeke kwa SATA, ile njia ya diski za ndani ya kompyuta, eksteno ndogo nyingi siku hizi USB yake imeunganishwa kwenye bodi yenyewe, na baadhi hufunga data kwa siri kupitia bodi ile ile.

Nyali_IT:
Mzee nakuheshimu lakini hapa napinga kidogo. Diski bado yasoma, ana folda kadhaa za maana, kwa nini asikopi hizo kwanza? Ukisema asome TB 1 nzima na ile yafanya MB 5 kwa sekunde ni zaidi ya siku mbili, si itakufa njiani na folda za maana zikiwa mwisho?

FundiMkongwe:
Hoja ni nzuri. Ila ukikopi kwa Windows, ikigonga sekta mbovu yarudia na kurudia mpaka vichwa vichoke, na kila faili vichwa vyaruka huku na huku. ddrescue yaruka pabaya yaendelea mbele. Ila nakubali kama kuna folda ndogo isiyo na shida na haipatikani popote, aichukue mbio kabla. Dada, ipi kanda yake haipo tena?

bintiMajengo:
Nyingi wenyewe walichukua kanda zao naweza kuziomba tena. Shida ni ya Lamu na maulidi moja, hizo kanda ziliingia ukungu zikakatika zikiwa kwa mashine wakati wa kutolewa. Maulidi ni faili dogo la sauti. Lamu ni AVI ya DV, GB nyingi.

Nyali_IT:
Basi chukua maulidi, wacha Lamu iingie kwenye nakala.

mamake_Swafiya:
Na bakapu je??

bintiMajengo:
@mamake_Swafiya hiyo ndio ilikuwa bakapu, kompyuta ya kazi iliibwa. Haya wengine.

bintiMajengo:
Narudi jamani. Maulidi ilitoka bila taabu. ddrescue ilikwenda mbio mwanzo halafu ikaanza kutambaa, stima ikapotea katikati laptopu ikafa, nikarudia amri ikaendelea kweli. Nimefungua nakala kwa testdisk, programu ya kuokoa data, nikakopi folda, karibu zote zacheza. Lamu yafunguka lakini kuna mahali picha yawa vigae vigae bibi harusi akiingia, kisha yatengemaa. Nizidishe?

FundiMkongwe:
Mashallah. Hiyo DV imekuokoa, kila fremu imejitegemea, ya PAL (mfumo wa video wa huku kwetu) ni baiti 144,000, kwa hivyo sekta ikikosekana waharibikiwa na kipande cha fremu basi. Ingekuwa MP4 na ikakosekana ile sehemu ya faharasa yake, faili lote lingegoma kufunguka. PhotoRec, programu nyengine ya kuokoa mafaili, usihangaike nayo hapa, yapoteza majina na AVI kubwa zilizotawanyika huzitoa vipande vipande.

Jaribu tena na map ile ile, badili -n uweke -r3, na ikikataa ongeza -R isome kutoka nyuma, wakati mwengine sekta hukubali upande huo. Ukisikia yagonga mfululizo, izime papo hapo utosheke na ulichopata.

bintiMajengo:
Imepunguza vigae, bado vichache. Mwenyewe nimemwonyesha asema hata hajaviona, alikuwa akimwangalia mamake. Shukran sana nyote, hata wa friza 😂

Jahazi_77:
😂 Haya dadangu VHS moja wafanya pesa ngapi? Nna ya nikahi ya mzee wangu imeshika vijiunga vyeupe.

bintiMajengo:
Njoo inbox. Na usiitie kwenye mashine kujaribu wala usiipanguse, ilete hivyo hivyo.