Mteja kanirudia mwaka wa tano: anayeuza miche ya matunda bila cheti anatakiwa afikie kiwango gani?

Mama Kitalu (Veyula)

Habari zenu wakulima wenzangu. Nina kitalu kidogo hapa Veyula, kando ya barabara iendayo Kondoa. Nauza miembe, mipapai, mipera, mistafeli na miche ya kivuli. Nilianza mwaka 2018 na viriba (vifuko vya kuoteshea miche) mia mbili chini ya mwarobaini, na sasa ndiyo kazi inayosomesha wanangu.

Desemba 2020 mzee mmoja wa Hombolo alinunua kwangu miembe 40, yote kwa jina la Apple, aina ya embe, iliyobebeshwa, yaani kijitawi cha aina hiyo (kikonyo) kimeunganishwa juu ya mche wa kienyeji, shilingi 4,000 mche mmoja. Sikuibebesha mimi. Niliichukua kwa jumla kwa mtu aliyekuwa akipita na fuso, na juu ya viriba kulikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa "Apple" kwa kalamu nene. Mteja akiuliza nami najibu Apple. Sikuwa na sababu nyingine ya kusema hivyo zaidi ya lile boksi.

Wiki iliyopita mzee kaja. Hakuja na ugomvi. Kaweka kikapu mezani, ndani mna maembe mawili. Moja la duara, limeiva rangi ya chungwa na wekundu begani, hilo ni Apple kweli. La pili dogo kama ngumi ya mtoto, kijani mpaka mwisho, ukiliuma nyuzi zinabaki kwenye meno. Akaniambia, "Mwanangu, yote mawili yametoka kwako."

Kesho yake nikaenda shambani kwake. Katika 40, tisa ililiwa na mchwa mapema. Kumi na minne inazaa Apple. Iliyobaki 17 imekwenda juu tu, majani mengi, na mmoja ndio umezaa hivyo viembe vya nyuzi. Nikapiga magoti kwenye mmoja wao, nikafukua udongo kwa mkono. Chini kabisa nikakuta utepe wa nailoni bado umefungwa, umezama kwenye gome. Juu ya utepe kuna kijiti kikavu cheusi, urefu wa kidole. Na shina lenyewe, nene kama mkono wangu, limetokea CHINI ya utepe.

Nikaelewa. Kikonyo kilikufa zamani, kienyeji cha chini kikachipua, na mtu akauza kama mche uliobebeshwa. Nami nikaupokea na kuupitisha bila kuinama kuangalia. Mzee amebeba maji ya hiyo miti kwa punda, madumu manne kwa safari, viangazi vitano. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Sasa naomba kueleweshwa. Sina cheti cha TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Wenzangu wa vitalu wananiambia sheria ya mbegu ni ya mahindi na alizeti, miche ya matunda haina mwenyewe. Ni kweli? Kama mche haujathibitishwa, kuna kiwango chochote muuzaji analazimika kukifikia? Na huyu mzee nimfanyie nini?

Mkulima wa Mpwapwa

Pole dada. Mimi nakuambia usijitese. Mche ni kiumbe hai, ukishatoka kitaluni ni mali ya mnunuzi na Mungu. Wanunuzi nao wajifunze kuangalia kabla ya kulipa. Mimi nilipigwa parachichi 25, nikakubali hasara, maisha yakaendelea.

Nasoma Sheria, Dodoma mjini

Kaka wa Mpwapwa, pole kwa parachichi zako, lakini hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mnunuzi angalie nini kwenye mche wa futi mbili? Aina ya embe haionekani kwa macho ya mteja. Ndiyo maana anamlipa mtu anayedai kuijua.

Dada, waliokuambia sheria ni ya mahindi wamekupotosha. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 haiishii kwenye punje. Neno mbegu humo linachukua sehemu ya mmea inayokusudiwa kupandwa, vipandikizi vikiwemo. Anayezalisha na kuuza kibiashara anatakiwa asajiliwe na kukaguliwa, na wenye kazi hiyo ni TOSCI, makao makuu Morogoro. Lipo pia daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, ambalo mkulima mdogo anazalisha mwenyewe kwa usimamizi mwepesi zaidi. Huku kwetu wengi wanalijua kwa mtama, muhogo na viazi vitamu. Ila nalo ni la watu waliosajiliwa, si mwanya wa kuuza kimya kimya. Upande wa wadudu na magonjwa yanayosafiri na miche uko kwa TPHPA, mamlaka iliyoundwa na Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni usajili. Usisubiri ukaguzi ukukute.

Sasa weka cheti pembeni kabisa. Hata kama pasingekuwa na TOSCI, ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Ukiuza kitu kwa maelezo, kitu lazima kifanane na maelezo. "Apple iliyobebeshwa" ni maelezo. Kwamba na wewe ulidanganywa haimhusu mzee, kwa sababu hakununua kwa mwenye fuso. Wewe nawe una dai lako kwa mwenye fuso. Una stakabadhi yake?

Na kuna jambo linalonisumbua katika biashara hii kuliko yote. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Miche iliuzwa Desemba 2020, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida mzee ana nafasi mpaka Desemba 2026. Lakini mwembe uliotokana na mbegu unaweza kukaa miaka sita, saba, nane kabla ya kuzaa. Mti unaweza kunyamaza mpaka haki ya kudai ikafa. Pakiwa na ulaghai uliofichwa, hesabu inaweza kuanzia siku ulipogunduliwa, ila huo unatakiwa kuthibitishwa mahakamani, na ni wazee wangapi wa Hombolo watafika huko? Hiyo ndiyo sababu uzito wote unakaa kwa muuzaji, siku ile ya kuuza.

Mama Kitalu (Veyula)

Asante sana. Stakabadhi sina. Tulilipana mkono kwa mkono, na namba yake ya simu haipatikani tena.

Babu Vikonyo (Mpunguzi)

Mbukwa mwanangu. Nimebebesha miembe miaka 31, mingine serikalini, mingine uani kwangu. Swali lako la kiwango ni zuri na nataka nilijibu kwa mikono, maana wa sheria kashajibu upande wake.

Mche usio na cheti bado unaweza kuwa mche wa kweli. Anza na jina. Jina halitoki kwenye boksi, linatoka kwenye mti mama. Lazima uweze kumpeleka mteja mpaka kwenye mti huo na kumwambia kikonyo kilikatwa hapa, na uwe umeuona mti huo unazaa kwa macho yako. Mimi miti mama yangu nimeipiga rangi shinani: nyeupe Apple, nyekundu Kent, na Dodo sikuupaka kwa sababu upo mmoja tu na kila mtu anaujua. Kila siku ya kubebesha naandika daftarini tarehe, mti uliotoa vikonyo, idadi, na nani alishika kisu. Ukishindwa kusema kikonyo kilitoka wapi, usiseme aina. Sema "mwembe" basi, na bei iteremke.

Halafu maungio. Hapa ndipo ulipoumizwa. Kabla mche haujatoka kitaluni uinue mpaka usawa wa macho. Utaona mahali shina linapopinda kidogo na gome la juu na la chini limeshikana bila ufa. Majani yote yawe yanatoka JUU ya hapo. Chipukizi la chini ya maungio ling'olewe kila wiki, hata kama ni zuri, hasa likiwa zuri, maana linakula chakula cha kikonyo. Utepe ufunguliwe kikonyo kikishashika, la sivyo unakaba shina kama ulivyouona umezama. Mche ambao kikonyo chake kimekufa hautupwi. Unabebeshwa tena, au unauzwa kama kienyeji kwa jina lake hilo.

Mizizi sasa. Chana kiriba kimoja katika kila kundi utakalonunua, ukubali hasara ya mche mmoja. Ukikuta mizizi imejisokota chini kama kamba, mche umekaa kitaluni kupita kiasi, na ukipandwa utaendelea kujizungusha hapohapo. Ukikuta vifundo vifundo, hiyo ni minyoo fundo, na kundi zima usiliingize kwako, kwa sababu udongo wa kiriba ndio unaobeba balaa kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Majani yenye madoa, magamba, ukungu mweusi, hayo hata mtoto anayaona. Mengine ya urefu na unene sina ugomvi nayo sana. Unene wa penseli pale chini unatosha.

Kuhusu mzee wako, miti 17 haijafa! Shina la miaka mitano ni utajiri. Inakatwa kiasi cha mita moja kutoka ardhini, jeraha linapakwa chokaa jua lisilichome, shina linachipua, unachagua machipukizi matatu au manne yaliyokaa pande tofauti, mengine unaondoa, na hayo unayabebesha Apple yakifika unene wa penseli. Mizizi mikubwa iko tayari chini, kwa hiyo mti unarudi mbio kuliko mche mpya, na hausumbui kwa maji kama mche. Msimu huu wa mvua ndio wake. Usikate yote siku moja, kata nusu, uone inavyoitikia.

Niliyerudi Uholanzi

Naongeza kidogo, kwa sababu nilifanya kazi misimu miwili kwenye kitalu cha matufaha Uholanzi, na hiki anachosema Babu ndicho walichokiandika kwenye sheria yao.

Umoja wa Ulaya una agizo la mwaka 2008 kuhusu miche ya matunda, likaongezewa kanuni za utekelezaji mwaka 2014. Kuna madaraja matatu yanayothibitishwa rasmi, na chini yake daraja la nne liitwalo CAC, ambalo halina uthibitisho wa serikali lakini ni halali kuuzwa. Ila si kwamba ukiwa chini huko unauza utakavyo. Muuzaji wa CAC anatakiwa awe na chanzo cha vikonyo kinachojulikana na kimeandikwa kwake, mche uwe wa aina iliyotajwa, yeye mwenyewe akague kwa macho na kukuta hauna wadudu na magonjwa yaliyoorodheshwa, usiwe na kasoro zinazoharibu ubora, na uondoke na hati yake. Shina la chini lisilo na jina la aina linatakiwa angalau liwe la spishi iliyotajwa. Kwa wazalishaji wadogo wanaowauzia majirani tu kwa matumizi yao, nchi zinaruhusiwa kulegeza baadhi ya masharti. Miembe haimo kabisa kwenye orodha yao, na mizabibu ina agizo lake peke yake tangu mwaka 1968.

Sisemi tuige. Nimependa tu kwamba mtu asiye na cheti hakuachwa bila kipimo.

Mkulima wa Mpwapwa

Babu, niwie radhi. Nimetoka kufukua parachichi zangu baada ya kusoma hapa. Katika 25, nane zina utepe na kijiti kikavu. Miaka yote nimekuwa nikilaumu udongo.

Mama Kitalu (Veyula)

Shikamoo Babu. Nimesoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimekaa kitaluni, naukagua mche mmoja baada ya mwingine.

Nilikuwa na miembe 112 yenye jina la kubebeshwa. Nimeinua yote usawa wa macho kama ulivyosema. Thelathini na tisa, majani yanatoka chini ya maungio. Hii nimeihamishia upande wa jikoni, nimeweka kibao: "Mwembe wa kienyeji, haujabebeshwa, 1,000." Iliyobaki 73 imeshika vizuri, lakini mti mama siujui, kwa hiyo nimefuta neno Apple kwenye kibao. Mteja wa kwanza leo asubuhi aliuliza aina, nikamwambia sijui. Akaondoka. Wa pili akanunua minne.

TOSCI nimeulizia utaratibu wa usajili, nimepewa orodha ya vitu vya kuandaa, nimeanza.

Kwa mzee nimekwenda jana na shilingi 68,000, bei ya miti 17, nikamweleza kila kitu, hata lile boksi. Nikamwambia pia kuhusu kubebesha upya, bure, kwa mikono yangu. Hela alipokea, akazihesabu, akazifunga kwenye kitambaa. Kisha akaniomba kitu kimoja. Tukate 16. Ule uliozaa viembe vya nyuzi tuuache, kwa sababu wajukuu wake wameshaufunga bembea.

Kwa hiyo nahitaji vikonyo vya Apple, vya mti ninaoweza kuuonyesha. Babu, utanisaidia? Nitalipia.

Babu Vikonyo (Mpunguzi)

Marahaba. Sasa usikimbilie vikonyo. Kata kwanza, maana machipukizi hayo yatataka wiki kadhaa. Kata minane tu.

Ila ile 39 ya jikoni kwako inaweza kubebeshwa sasa hivi, na utaizoea kazi mapema. Leo jioni nimeondoa majani kwenye matawi 50 ya mwembe wenye rangi nyeupe, nimeacha vishikio tu, ili macho ya matawi, yale yatakayochipua, yavimbe. Njoo Jumamosi ya wiki ijayo kabla jua halijawaka. Ulete kitambaa cha pamba cha kulowesha, kisu chenye makali, na daftari jipya.