Baada ya Bazarov, nisome nani?

mla_riwaya: Wakuu, nimemaliza "Baba na Wana" ya Turgenev (1862). Bazarov, kijana mwasi asiyeinamia mamlaka yoyote, anapasua vyura, anadharau mashairi, halafu anakufa kwa kujikata kidole akipasua maiti ya mgonjwa wa taifasi. Mbona hajapindua chochote? Nilitegemea fujo.

Bi_Vitabu: Fujo iko kwa Dostoevsky, mwanangu. Katika "Mashetani" Shatov anataka kujitoa kwenye kikundi cha siri cha wanamapinduzi. Wenzake wanampiga risasi, wanamfunga mawe, wanamtupa bwawani. Na Dostoevsky hakulitoa hewani: Novemba 1869, Moscow, mwanamapinduzi Nechayev na wenzake walimuua mwanafunzi Ivanov, maiti wakaitumbukiza bwawani.

kijana_wa_ghorofani: Shikamoo Bi. Dostoevsky naye alikuwa na kikundi chake, akakamatwa 1849, akasimamishwa mbele ya wapiga risasi kabla ya kupelekwa Siberia. Anawajua wanamapinduzi, ila anawachukia mno. Turgenev alimpenda Bazarov, inaonekana wazi wazazi wanapomlilia kaburini. Ukitaka kuwasikia wanamapinduzi wenyewe na ndoto zao, soma "Nini Kifanyike?" ya Chernyshevsky, iliyoandikwa gerezani. Humo mwanamapinduzi Rakhmetov analala juu ya misumari kujizoeza mateso! Uandishi wenyewe, lakini, mkavu kama ugali wa jana.

Bi_Vitabu: Marahaba. Mkavu, ndiyo, na vijana wa Urusi waliukariri.

mla_riwaya: Misumari? Naanza na huyo.