Mjadala: Tanga tuwekewe ubao wa hewa, au pesa hiyo iende jikoni?

Baharia wa Chumbageni

Wana Tanga, salamu. Tulijadili hili bila matusi, tukiweza.

Naona Jiji linunue vipima hewa na kutundika ubao mkubwa stendi ya Kange na mwingine Ngamiani, mtu asome hewa anayovuta kama anavyosoma bei ya mafuta kituoni. Kijani, vuta utakavyo. Nyekundu, mwenye pumu abaki ndani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu 2004, na kanuni za viwango vya hewa tangu 2007. Sawa, viwango vimeandikwa. Mtu wa Makorora atajuaje kwamba vimevukwa, kwa kunusa? Chembe zenye madhara makubwa, wataalamu wanaziita PM2.5, upana wake hauzidi mikroni 2.5. Unywele mmoja ni mnene mara thelathini hivi kuliko chembe hiyo. Inapita mapafuni hadi kwenye damu na hupigi hata chafya. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likishauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo. Mwaka 2021 likashusha hadi 5.

Halafu tazameni Beijing. Mwaka 2008 ubalozi wa Marekani ulifunga kipima hewa chake, ukawa unatangaza namba kwa watu wote. Serikali ya China haikufurahi, lakini wakazi walishaanza kulinganisha namba ile na ukungu wa dirishani. Januari 2013 miji 74 ya China ilikuwa ikitoa namba zake yenyewe, na mwaka huohuo ukatoka mpango wa kitaifa wa kusafisha hewa. Namba ilitangulia, sera ikafuata. Nani anapinga?

Mama Lishe wa Kange

Mimi hapa, kaka'angu, tena mwiko ninao mkononi.

Ubao utauweka stendi. Moshi ninao mimi, tangu saa kumi alfajiri, nimeinamia sufuria la maharage. Kipima chako cha juu ya nguzo kitauonaje moshi wa kibanda changu? Na usiniambie sina gesi. Mtungi wa kilo 6 ninao, uko chini ya meza. Naupikia chai na mayai. Maharage na makande ukithubutu, wiki haiishi mtungi mtupu. Mkaa nanunua kwa kopo: leo nina hela ya kopo mbili, kesho Mungu anajua. Gesi ya duka la hapa kwetu haipimwi kwa kopo, ni ujaze wote au ukae.

Hiyo pesa ya ubao tupunguzieni bei ya kujaza. Rangi nyekundu naijua, naiona machoni mwangu kwenye kioo.

Mwalimu wa Pongwe

Dada amesema kweli, na takwimu zinamuunga mkono: Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 3.2 walikufa mwaka 2020 kwa uchafu wa hewa ya majumbani, mwingi ukitoka jikoni.

Serikali haijalala kabisa. Iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa kupikia: asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Lakini ipo shule ninayoijua (siitaji, nina watoto wa kusomesha) ambayo gesi ilifika kweli. Inachemsha chai ya walimu. Ugali wa wanafunzi bado unasongwa kwa magogo.

Jirani wa Tanuri

Mnaubeza ubao kwa kuwa hamjawahi kulalamika mkaombwa ushahidi. Nilikaa miaka kadhaa karibu na tanuri la chokaa, wapi sisemi. Nguo ukianika nyeupe unaanua nyeupe zaidi. Tulipokwenda kulalamika tukaambiwa hilo ni vumbi la barabara. Ungebisha kwa ushahidi gani? Ningekuwa na namba za wiki moja tu, na saa zake, tungeongea lugha nyingine.

Dereva wa Bajaji

Kwa hiyo ubao ukiwa mwekundu na mimi nina abiria, nizuie pumzi mpaka Mabawa? 😂

Fundi wa Mnyanjani

Cheka, lakini swali lako ndilo lenyewe. Kabla sijafika huko, mimi nashughulika na vifaa vya umeme, hivyo tuongee kifaa.

Vipima hewa vya bei nafuu hupitisha mwanga kwenye hewa, kisha huhesabu jinsi chembe zinavyoutawanya. Pwani hewa ina unyevu. Chembe ikinywa maji inanenepa, na kifaa kinadhani uchafu umeongezeka. Masika mtaona nyekundu kumbe ni unyevu tu. Dawa ni kukiweka kwanza kando ya kipimo kikubwa cha kuaminika, ukajua kinadanganya kwa kiasi gani, ndipo usahihishe namba. Si jambo la kutukatisha tamaa: pale Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, mradi wa AirQo unaunda vifaa vyake wenyewe kwa mazingira ya miji ya Afrika.

Na saa ya kupima. Alfajiri upepo unatoka bara, dhaifu, moshi wa majiko na wa taka zilizochomwa usiku unalala mtaani. Mchana bahari inafagia. Ukipima saa nane mchana Raskazone utaandika kwamba Tanga ni peponi.

Baharia wa Chumbageni

Nimechapwa, nakubali, ila si yote.

Dereva, Delhi wana jibu lako kwenye karatasi. Tangu 2017 wana mpango wa hatua kwa hatua: namba ikifika kiwango fulani majenereta ya dizeli yanazimwa, ikizidi ujenzi unasimama. Delhi bado inakohoa, najua. Lakini kule namba inamwamrisha mtu, wakati mimi nilileta rangi tupu. Na mfano wangu wa Beijing una tundu: Machi 2025 Marekani iliacha kutangaza vipimo vya balozi zake. Nguo ya kuazima.

Basi nabadilisha. Ubao usubiri. Vinunuliwe vipima vichache: kimoja jiko la shule, kimoja kwa jirani wa tanuri, kimoja kibanda cha mama lishe. Fundi avisahihishe. Na kabla ya kuvifunga iandikwe ni ofisi gani inapokea namba ikizidi, na ndani ya siku ngapi inajibu.

Mama Lishe wa Kange

Changu kifungeni juu ya sufuria la maharage, sio kwenye chai. Na bei ya kujaza mtungi sijaisikia ukiitaja, kaka'angu.

Baharia wa Chumbageni

Naitafuta, dada. Nipe mpaka Jumatatu.